Nani Mwenye Alama ya Kujumlisha?

Katika hesabu ya shuleni alama ya kujumlisha haina upande: mbili na tatu hutoa tano, na zikibadilishana nafasi jibu ni lilelile. Ruby, lugha ya skripti iliyotolewa mwaka 1995 na Mjapani Yukihiro Matsumoto, huandika 2 + 3 vivyo hivyo, lakini inachokifanya ni kingine. Namba 2 ni kitu, na kitu hicho hupelekewa ujumbe uitwao + uliobeba 3. Ndiyo maana 2.+(3) nayo inakubalika. Opereta si hakimu aliyeketi kati ya pande mbili. Ni ombi kwa upande wa kushoto, na jibu ni la aliyeombwa.

Maana ya alama, basi, imo ndani ya kitu kinachoulizwa. Maandishi yakipewa + huungana. Tarehe ikiongezwa 1 husogea siku moja, ilhali saa ikiongezwa 1 husogea sekunde. "ha" * 3 hutoa "hahaha", lakini 3 * "ha" huleta kosa, kwa kuwa tatu haijui namna ya kuzidishwa kwa neno. Kumbe ile kanuni ya kubadilishana nafasi, ambayo mwanafunzi huichukulia kama sheria ya ulimwengu, ilikuwa tabia ya namba tu. Orodha huonyesha zaidi: [1, 2] + [2] ni [1, 2, 2], na ukitoa [2] humo inabaki [1], maana kutoa hufuta kila kinachofanana. Hapa kutoa hakurudishi mambo yalivyokuwa kabla ya kujumlisha.

Upande wa kulia haukunyimwa sauti kabisa. Namba isipomtambua mgeni, humuuliza kwa metodi ya coerce. Mgeni akiwa nayo, hurudisha jozi ya vitu vinavyoelewana, na hesabu huanza upya.

Uhuru huu una gharama. Programu yoyote inaweza kuifungua klasi ya Integer na kuamuru kwamba 2 + 3 ni 6, na amri hiyo ikaenea kila mahali. James Gosling, muundaji wa lugha ya Java, alikataa kuwapa watumiaji wake uwezo wa kuzipa opereta maana mpya. Ruby iliuruhusu uwezo huo, kisha toleo la 2.0 la mwaka 2013 likaleta, kwa majaribio, njia ya kuyawekea mabadiliko ya aina hiyo mipaka.

Cheo cha opereta, hata hivyo, hakiamuliwi na kitu. 2 + 3 * 4 ni 14 kwa sababu sarufi imetanguliza kuzidisha, na hakuna metodi inayoweza kuupindua mpangilio huo. Katika lugha ya Smalltalk, ambako Ruby ilichota wazo la ujumbe, opereta hizo zina cheo kimoja na husomwa kutoka kushoto: jibu ni 20. Smalltalk ndiyo aminifu zaidi kwa nadharia. Ruby iliheshimu mazoea ya wasomaji, pengine kwa busara.

Zipo pia alama zisizoweza kuwa ujumbe. Katika a && b, ikiwa a si kweli, b haipaswi hata kukokotolewa; ujumbe wa kawaida hukokotoa kila unachobeba kabla ya kutumwa, hivyo umeshachelewa. Alama ya = katika x = 5 ina tatizo la ndani zaidi: x ni jina, si kitu, na huenda bado halijashika chochote. Hakuna wa kuombwa. Ikiingia nukta, kama katika mtu.umri = 30, mwombwaji amepatikana, na alama hugeuka kuwa ujumbe umri= ambao kitu kinaweza kuupokea, kuurekebisha au kuukataa kwa kosa; lakini ukipokewa, thamani ya usemi mzima hubaki 30, hata kama metodi imerudisha kitu kingine.