Kumrudisha Mbuzi Zizini

Katika nyumba nyingi za wafugaji, hasa kule Ugogo na Singida ambako mbuzi ni akiba ya mwenye nyumba, jambo hili hutokea kila majira ya kuzaa. Mbuzi jike amekufa usiku, au amezaa watatu na maziwa hayatoshi, au amemkataa mmoja. Mama wa nyumba aingiapo zizini alfajiri amkuta mtoto ambaye hajakauka bado, anatetemeka. Amchukua, amlaza karibu na mafiga, amfunika gunia. Tangu saa hiyo mbuzi huyo ni wa watoto. Wampa jina, watafuta chupa na chuchu ya mpira, wagombana ni nani atakayemnywesha.

Huruma hiyo hatuna la kuilaumu. Tena yataka ujuzi. Mtoto wa mbuzi huzaliwa bila kinga ya maradhi, kwa kuwa kinga ya mama haimfikii akiwa tumboni. Aipata katika dang'a, na matumbo yake yaweza kuipokea kwa muda wa siku moja hivi tu. Basi akamuliwe dang'a mbuzi mwingine aliyezaa karibuni. Maziwa yapashwe moto yalingane na joto la mwili, apewe kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku, naye anywe amesimama, shingo ameiinua, kama anyonyavyo kwa mama yake. Wengi humpakata chali kama mtoto mchanga, na maziwa yakaingia mapafuni. Wamempenda, nao wamesahau kwamba ni mbuzi.

Hapo ndipo twapenda kusimama kidogo. Je, tukiisha kumwokoa mnyama, tumepata haki ya kumfanya wetu kabisa? Na siku tunapomtoa jikoni kumpeleka kwa mbuzi wenziwe, akalia mlangoni usiku kucha, tunamsaliti aliyetuamini?

Mwaka 1998 mtaalamu Keith Kendrick na wenzake huko Uingereza walieleza walivyowapa kondoo watoto wa mbuzi wawalee, na mbuzi watoto wa kondoo. Madume waliolelewa hivyo walipokua waliwataka majike wa kabila la mama walezi, wala hawakugeuka hata walipokaa na wenzao wa damu. Majike waliweza kurudi katika aina yao. Kumbe malezi ya siku za kwanza hupenya kuliko tunavyodhani.

Wachungaji wetu wa mbuzi wayajua hayo bila kusoma. Beberu aliyekulia jikoni hamwogopi mtu, kwa sababu mtu ndiye mwenzake. Alipokuwa mdogo watoto walimsukuma paji la uso kwa kiganja, naye akasukuma, wakacheka. Pembe zikiisha kukomaa, mchezo ni ule ule, lakini sasa aliyeangushwa ni bibi mwenye ndoo ya maji kichwani. Hapo beberu apigwa, afungwa kamba fupi, aitwa mkaidi, mwisho auzwa kwa hasira. Lakini ni nani aliyemfundisha?

Kwa hiyo twaona kwamba siku ya kumrudisha haina usaliti ndani yake. Ubaya, kama upo, ulitendeka zamani, katika zile wiki tamu za kumlaza mkekani na kumwonjesha ugali, tulipojifurahisha kwa upweke wake na kuuita upendo. Mwenye kumpenda kweli humwandaa mapema. Kama wapo yatima wawili, huwalea pamoja. Chupa huipeleka zizini, asimwite mbuzi mlangoni. Kuanzia wiki ya pili humwacha adonoe majani pamoja na wenziwe, kwa kuwa tumbo la kucheua hukua kwa kulishwa majani, si kwa maziwa peke yake. Wakubwa watampiga pembe. Ndivyo mbuzi wapangavyo daraja zao. Awekewe pembe ya zizi ya kujifichia, na majani yamwagwe mahali pawili au patatu ili asifukuzwe kila anapokula. Baada ya miezi mitatu hivi aweza kuachishwa chupa.

Wapo watakaosema: maneno mengi ya nini, naye mwishowe atachinjwa? Ni kweli, pengine atachinjwa, na watoto waambiwe hivyo tangu mwanzo. (Wazazi wanaomwuza mbuzi wa mtoto wakati mwenyewe yuko shuleni, kisha wakasema amepotea, hatuna neno jema kwao.) Lakini kufa kwake hakutupi ruhusa ya kumnyima maisha ya mbuzi katika miaka aliyo nayo.

Mgumu kufundishwa si mbuzi. Katika nyumba moja tuijuayo, binti wa miaka tisa alikatazwa na mama yake kumwita yatima wake kwa jina wakati kundi lirudipo jioni. Siku za kwanza mbuzi alijitenga na kundi, akaja mpaka kizingiti, akalia. Binti naye akalia, upande wa ndani. Jioni ya siku nyingine mbuzi alisimama karibu na mlango wa jiko, akatazama. Binti alikuwa akichambua mchicha. Aliinama juu ya ungo wake, asiseme neno, hata kundi lilipompita na yule mbuzi akageuka akalifuata.