Mashine Haitungi Uzi

Mimi ni fundi cherehani. Meza yangu iko karibu na soko la Majengo, Dodoma mjini, mwaka wa 22 sasa, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo sindano nilikuwa naitunga uzi huku nikipiga soga na mteja. Nilipofika miaka 47 tundu likaanza kunikimbia. Nikamwita machinga, nikajaribu miwani tatu nne palepale barabarani nikisoma maandishi ya kiberiti, nikachukua moja ya shilingi 5,000. Ilinitumikia mpaka mwaka jana, jicho la kushoto lilipoanza kuachana na la kulia.

Daktari wa macho alinipima vizuri, sina ugomvi naye. Ugomvi ulianzia kwenye duka la miwani nilikopeleka karatasi yake. Nikatanguliza shilingi 90,000 kati ya 140,000, nikaambiwa lensi zinatoka Dar, njoo Alhamisi. Alhamisi nikaambiwa bado, njoo Jumatatu. Jumatatu mwenye ufunguo wa kabati alikuwa msibani. Siku nilipoivaa hatimaye, nikatoka nje, na sakafu ya baraza ikanyanyuka kunipokea. Nikasimama nimeshika ukuta kama mlevi, saa tano asubuhi. Nyumbani nikatandika khanga mezani: pindo ninalolijua limenyooka likawa limepinda. Jioni kichwa kinagonga.

Nikarudi. "Utazoea, mama," akasema kijana wa kaunta. "Wiki mbili tu." Katika wiki mbili hizo nilishona sketi mbili za shule, zote nikazifumua. Nikarudi tena. Safari hii akaiweka miwani kwenye mashine, akasoma namba, akalinganisha na karatasi, kisha akanigeuzia skrini nijionee. "Mashine inasema iko sawa."

"Mashine haitungi uzi, mwanangu."

Wateja wawili wakacheka. Yeye hakucheka, na mimi wala sikuwa natania.

Nilipita Nyerere Square nikakaa kivulini, na pale nikaanza kujishuku. Labda ni mimi. Labda mwanamke wa miaka hamsini na kitu hajui tena kilichonyooka ni kipi. Hapo habari ya miwani ikaacha kuwa habari ya fedha. Nani shahidi wa ninachokiona? Jicho langu siwezi kukuazima uchungulie. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hawakutuambia mwenye kitanda afanye nini akionyeshwa karatasi kwamba kunguni hawamo.

Pale kivulini nikamkumbuka kipofu wa Bethsaida katika Injili ya Marko, sura ya 8. Mathayo, Luka na Yohana hawamsimulii, na nahisi najua sababu: muujiza wake una aibu kidogo. Yesu anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, anamtia mate machoni, anamwekea mikono, halafu anamuuliza kama anaona chochote. Yule mtu anajibu kwamba watu anawaona, ila wamekaa kama miti, tofauti ni kwamba wanatembea. Anawekewa mikono mara ya pili, ndipo anaona vizuri. (Alijua mti unavyofanana, kumbe huenda hakuzaliwa kipofu. Angekuwa wa kwetu angesema mibuyu. Jioni, barabara ya Hombolo, mbuyu uliopukutika majani husimama kama mtu mnene aliyeinua mikono.)

Mchungaji wetu wa zamani, aliyesomea Chuo cha Mtakatifu Filipo kule Kongwa, alitufundisha kwamba zile hatua mbili ni hatua za imani, maana wanafunzi nao walikuwa wanamwona Bwana wao nusunusu. Sibishani naye. Lakini mimi ninayeshinda na futi kamba shingoni nakwama kwenye lile swali. Kwa nini aulize? Si ndiye, tunavyoamini, jicho lilipitia mkononi mwake? Wengine aliwaponya akawaambia waende zao. Huyu anamuuliza, na akishajibiwa jibu lisilopendeza, hamwambii kwamba imani yake ni ndogo, hamwambii kwamba kazi ilifanyika sawasawa. Anarudia. Jibu langu ni la kifundi: kuona kwa mtu ni chumba chake, na hata mwenye nyumba yote hapo alipiga hodi.

Na yule mgonjwa naye! Fikiria ujasiri wake. Mkono wa mponyaji bado uko karibu na shavu lake. Adabu zetu zote zinamtaka aseme ameona, ashukuru, aende nyumbani akapapase kuta kwa siri. Sisi ukimsalimia mgonjwa mahututi anaanza na "nzuri", maumivu yanafuata baadaye kama nyongeza. Kanisani, muda wa ushuhuda, nimesikia mengi, lakini sijawahi kumsikia mtu akisimama na kusema: Bwana asifiwe, nimeombewa, na sasa watu nawaona kama miti. Tunasimama tukiwa tumepona kabisa, au tunabaki tumekaa.

Bibi yangu wa Kongwa alikuwa na vikope. Kope ziligeukia ndani, zikawa zinakwangua jicho kila anapopepesa. Kibano chake kidogo alikifunga kwenye pindo la khanga. Alikuwa akizing'oa mwenyewe kwa kupapasa, au akiniita mimi, macho ya miaka tisa, nizitafute. Miaka na miaka alisema ana mchanga machoni, na miaka na miaka wanaume wa pale nyumbani walimjibu kuwa ni vumbi, nani Kongwa asiye na vumbi? Waingereza walileta matrekta yao mwaka 1947 walime karanga, mwaka 1951 mradi ukafutwa kwa hasara, vumbi likabaki letu. Katika miaka ya 1980 watafiti wa vikope, yaani trakoma, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, walikuja wilayani kwetu, na kazi yao juu ya kunawisha watoto uso, katika vijiji ambako ndoo ya maji ilikuwa safari, ilitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1995. Hayo nimeyajua ukubwani. Ninalolikumbuka ni muuguzi mmoja aliyeupindua ukope wa bibi kwa kidole gumba, akatazama, akasema, "Kweli bibi, hili si vumbi." Upasuaji ulikuja baadaye. Bibi alilia siku ile.

Nisijifanye malaika. Miezi michache kabla ya habari hii ya miwani, mwanakwaya mmoja alinirudishia gauni la sare, kwapa linambana. Nikapima: inchi zote ni zilezile za daftarini. Nikamwambia, litalegea ukilivaa. Na kusema kweli wateja nao hudanganya. Mtu ananenepa Krismasi, lawama zinamwangukia fundi Januari. Kwa hiyo simwambii mtu aamini kila anayelalamika.

Niliporudi tena dukani, kijana wa kaunta hakuwepo. Alikuwepo binti wa fildi, mwanafunzi tu. Nilijiandaa kwa "utazoea". Badala yake akauliza, "Shikamoo mama. Unafanya kazi gani?" Nikamwambia. "Sindano huwa unaishika umbali gani?" Nikavuta futi kamba: inchi 14. Akanikalisha, akaniwekea rula ndogo puani, akapima kutoka mboni hadi mboni, kisha akatia nukta kwenye lensi kwa kalamu ya wino. Kila lensi, akanieleza, ina kitovu, nacho sharti kikae mbele ya mboni. Vyangu vilikuwa vimesogea nje milimita kadhaa, macho yakawa yanavutana kutwa nzima kama ng'ombe wawili wasioelewana kwenye jembe. Nguvu ya lensi ilikuwa ileile ya karatasi, na kijana wa kaunta ndiyo pekee aliyoisoma kwenye mashine, vitovu hakuvitafuta. Nikamwelewa binti mara moja. Kifua unaweza kukipima sawa, kiuno sawa, na mshono wa kifua ukaukalisha vidole viwili chini ya mahali pake.

Hakuniamini bure, naye, alichukua rula. Lakini rula ilikuja baada ya swali.

Mwanangu aliyeko Chuo Kikuu cha Dodoma ananiambia kwamba miongoni mwa habari za kale za miwani ni mahubiri: mwaka 1306, mjini Florence, mtawa Giordano da Pisa aliwaambia waumini kuwa ufundi huo haujatimiza miaka 20, na kwamba alimwona aliyeutengeneza mara ya kwanza, akazungumza naye. Jina la fundi hakulitaja. Hilo ndilo mafundi tumelizoea.

Miwani mpya niliambiwa nifuate Alhamisi, bila shaka. Ikawa tayari Jumanne ya pili yake. Nikatunga uzi mweusi kwenye sindano namba tisa nikiwa nimesimama mlangoni mwa duka. Nilipofika mezani kwangu nikampigia simu yule mwanakwaya.

"Lile gauni, bado linakubana?"

"Hapana mama, nimeshalizoea." Akanyamaza. "Kidogo tu."

"Kidogo wapi?"