Mtoto Aangukaye Motoni

Somo: Marko 9:14-29





Mwinjili Marko anatueleza habari za baba mmoja aliyemleta mwanawe kwa wanafunzi wa Yesu. Kijana huyo alikuwa akianguka, akitokwa na povu na kusaga meno. Mara nyingi aliangukia motoni au majini. Ugonjwa huo tunaufahamu. Ni kifafa. Wanafunzi walishindwa kumponya, na Yesu alipofika aliwakuta wakibishana na waandishi, huku mkutano mkubwa ukitazama. Mtoto mgonjwa yupo pale, na wakubwa wanabishana.

Ndipo Yesu akamwuliza yule baba swali jepesi: mambo haya yamempata tangu lini? Baba akaeleza yote tangu utoto wa mwanawe. Tazameni, Bwana wetu mwenye uwezo wote alisimama kwanza kumsikiliza mzazi.

Sisi hatukufanya hivyo. Katika miaka ya 1980, katika shule moja tuliyofundisha, mvulana wa darasa la tano alianguka wakati wa somo la hesabu. Wenzake walirukia madirishani. Nasi waalimu wao, tuliosomea ualimu na kuimba kwaya siku ya Bwana, tulisimama mlangoni. Hakuna aliyemgusa, kwa kuwa tuliogopa mate yake. Juma lililofuata baba yake aliambiwa akae naye nyumbani hadi apone. Tulifuta jina lake katika daftari la mahudhurio, tukaendelea na hesabu.

Baba yule, baada ya kufukuzwa na wenye elimu, aende wapi? Alikwenda usiku kwa omufumu, akachukua jogoo na kibuyu cha rubisi. Huko walimkaribisha, wakamketisha, wakamwuliza habari za nyumba yake na za mababu zake. Kisha ramli ikapigwa, ikamtaja shangazi wa mtoto. Mama huyo mjane ndiye aliyekuwa akimpikia mtoto kila siku. Tangu siku hiyo hakuruhusiwa kukanyaga kiwanja kile. Basi siku moja mtoto alipokuwa peke yake karibu na mafiga alianguka, na mkono wake wa kuume ukaungua hata hauwezi tena kushika kalamu.

Wapendwa, ni nani aliyemwunguza mtoto yule? Ni rahisi kumlaumu mganga. Lakini sisi tuliofunga mlango tulimtangulia.

Hatusemi kwamba kila tiba ya wazee wetu ni mbaya. Miti na majani ni kazi ya Mungu. Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la Mfalme Hezekia, naye akapona (Isaya 38:21). Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anafundisha kwamba dawa zatoka katika nchi kwa uwezo wa Bwana, na tena kwamba tumheshimu tabibu. Serikali yetu nayo ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002, waganga waandikishwe na dawa zao zichunguzwe. Lakini majani ni jambo moja, na ramli inayomtaja jirani ni jambo jingine. Jani huenda likatuliza tumbo. Ramli huvunja ukoo, na katika nchi yetu imekwisha kuwaua wanawake wazee wengi wasio na hatia. Mfalme Sauli naye alijibadilisha mavazi akaenda Endori usiku (1 Samweli 28). Jambo ambalo Mkristo hulifanya usiku kwa kujificha, dhamiri yake imekwisha kulihukumu.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Wahaya peke yetu, au ya watu wasiosoma. Huko Marekani, katika mji wa Merced, jimbo la California, mtoto mmoja aitwaye Lia Lee alizaliwa mwaka 1982. Wazazi wake walikuwa wakimbizi wa kabila la Wahmong kutoka Laos. Alipoanza kuanguka, madaktari walisema ni kifafa. Wazazi walisema roho yake imetoroka, wakamtafuta mganga wa jadi wa kuirudisha. Madaktari walikuwa na dawa nzuri, lakini hawakujua lugha ya wazazi. Walibadili dawa mara nyingi, na wazazi hawakuelewa jinsi ya kuzitumia. Mwishowe mtoto akaondolewa nyumbani kwa amri ya mahakama kwa muda. Mwaka 1986 alipata shambulio kubwa, ubongo ukaharibika, asiongee tena. Jamaa zake walimwogesha na kumlisha hadi alipofariki mwaka 2012. Pande zote mbili zilimpenda mtoto. Baadaye hospitali ya mji huo iliweka utaratibu wa kuwaruhusu waganga wa Kihmong kuwatembelea wagonjwa wao, ili watu wasiogope kuja kutibiwa.

Na hapa Tanzania, kule Mahenge, Dkt. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwakuta wagonjwa wakila peke yao, wengine wana makovu ya moto, kwa maana watu waliogopa mate yao kama sisi tulivyoogopa. Aliwapa dawa ya fenobabitoni, na tena aliwasikiliza. Wengi mashambulio yao yalipungua, wakarudi kulima na kula pamoja na ndugu zao.

Labda mtu atasema: Marko anataja pepo, kwa nini twende hospitali? Na asome Mathayo 4:24. Pale wenye pepo wametajwa mbali na wenye kifafa, na Bwana aliwaponya wote.

Basi tufanye nini? Kwanza, tujue kwamba kifafa hakiambukizi kwa mate. Mtu akianguka, mwondoeni karibu na moto, mlazeni ubavu, wala msimtie kitu kinywani. Shambulio likizidi dakika tano, mkimbizeni hospitali. Pili, vidonge vya kifafa humezwa kila siku, kwa miaka. Anayeviacha ghafla kwa ahadi ya uponyaji wa siku moja, awe ameahidiwa na mganga au na mhubiri, hujitia hatarini. Tatu, tuwalete watoto wetu kanisani mchana, Kasisi awaombee na kuwapaka mafuta kama Yakobo 5:14 inavyoagiza, kisha mmoja wetu afuatane na mzazi hadi kliniki.

Yule baba alilia kwamba anaamini, akaomba asaidiwe kutokuamini kwake. Yesu hakumfukuza kwa sababu ya imani ndogo. Nasi tusimfukuze mtu atokaye kwa mganga. Tumwulize kwa upole: mambo haya yamempata mtoto tangu lini? Kisha tukae chini, tusikilize.

Bwana atusamehe milango tuliyoifunga. Amina.