Je, Kupumzika Mchana ni Uvivu?

Msomaji, mtu atokaye Mombasa akafika Nyeri mwezi wa Februari hudhani joto ameliacha pwani. Asubuhi hujikunja ndani ya koti. Saa sita mchana ngozi yake huwaka. Mji huu uko yapata mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 apandazo mtu, mionzi ichomayo ngozi huzidi kwa kadiri ya asilimia 10. Upepo wa mlima hutudanganya.

Watu wa pwani walikwisha kulijua jua, wakajiwekea desturi: adhuhuri wenye maduka wengi wa Mji wa Kale hufunga milango, na shughuli hurudi alasiri. Nchini Oman jambo hili limekuwa sheria. Tangu Juni hata Agosti ni marufuku kumtumikisha mtu juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu. Huku kwetu mlimani aliyelala mchana aliitwa mvivu. Nami nililelewa katika hukumu hiyo, na nakiri kuwa nimewahukumu wengi kwayo.

Lakini fikiri. Karani wa Karatina akiona jua limekuwa kali, huahirisha safari yake hadi saa kumi, wala hapungukiwi kitu. Mama mwenye mzigo wa sukumawiki mgongoni, ukanda umemkaza kipajini, hana saa kumi. Akingoja kivulini, mboga zanyauka na bei yaanguka; akienda, hunyauka yeye. Utasema, na aondoke alfajiri. Naam, huondoka alfajiri. Mchana ni safari ya pili.

Twamsifu kwa ustahimilivu wake. Sifa hiyo naishuku: yamkini twamsifu ili tusiulizwe kwa nini njia yake haina miti. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe katika Nyeri, alianza mwaka 1977 kuhimiza wanawake kupanda miti. Lakini mti wa kando ya njia una shida yake, kwamba apandaye aghalabu siye apitaye.

Siku moja nilikuwa ndani ya matatu iliyosimama ikingoja abiria. Mama mmoja alifika chini ya mgrevilea, akautua mzigo, akajipangusa uso. Nilitazama saa: dakika tatu, akajitwika tena.

“Mama yule anachezea wakati,” alisema abiria mwenzangu, akavuta pazia la dirisha.

Sikumjibu. Kivuli cha pazia kilinifika na mimi.