Mgonjwa wa saratani aliye mbali naye ana haki ya kutembelewa

SHUKRANI zote anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake.

Ndugu msomaji, katika haki alizonazo Muislamu juu ya nduguye ni kutembelewa anapougua. Wengi wetu tunaitekeleza. Akilazwa mtu wa mtaani kwetu, tunachangishana nauli, tunabeba uji na kwenda kumuona. Lakini wapo wagonjwa ambao haki yao inapotea njiani, nao ni wale wanaotibiwa saratani mbali na kwao.

Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, hupokea wagonjwa kutoka kila pembe ya nchi. Tiba ya mionzi aghalabu hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa mfululizo. Mama aliyetoka Songea au Tabora ameacha watoto nyumbani, amefuatana na ndugu mmoja au yuko peke yake. Wiki ya kwanza simu yake hailali. Wiki ya nne inalia mara moja kwa siku, na aliyepiga anauliza ufunguo wa stoo uko wapi.

Je, simu ni ziara? Mwenye uwezo wa kwenda na aende, kwani sauti haimgeuzi mgonjwa kitandani wala haimnyweshi maji. Hata hivyo, umbali si udhuru wa kunyamaza. Mtume (s.a.w.) alipopata habari ya kufariki Najashi, mfalme wa Uhabeshi, alimswalia akiwa Madina. Aidha, ametufundisha kuwa mwenye kumuombea nduguye asiyekuwepo mbele yake, Malaika huitikia amin na kumuombea yeye mfano wa hilo. Tena zipo nyakati ambazo simu ni salama kuliko kwenda. Dawa nyingi za saratani zinazotiwa kwa dripu hupunguza kinga ya mwili, hivyo mgeni mwenye mafua anaweza kumuachia mgonjwa maradhi juu ya maradhi. Mwaka 2020, wakati wa Korona, hospitali nyingi duniani zilizuia wageni, na kwa wagonjwa wengi simu ndiyo ikawa mlango pekee.

Lakini mlango huo unapitisha mengi. Mmoja anampigia mgonjwa na kumwambia aache mionzi, atosheke na kisomo na habasoda. Mwingine anamuuliza ni dhambi gani aliyoifanya. Ruqya ni Sunna na habasoda ina kheri, lakini Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na Mabedui kuhusu kujitibu, aliwaamrisha wajitibu. Kisomo na hospitali havigombani. Saratani isiyotibiwa haimsubiri mgonjwa ajaribu hili na lile, inakua na kusambaa.

Imepokelewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir (r.a.) habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akaota na kuwajibikiwa na josho. Aliwauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa alikasirika, akasema kuwa wamemuua, na kwamba asiyejua dawa yake ni kuuliza. Tuitafakari habari hii kabla ya kubonyeza namba ya mgonjwa. Wale nao walikuwa maswahiba wa safari moja, na nia yao ilikuwa kulinda dini.

Kwa kuwa ni mwalimu wa dini na ni mwanamke, wagonjwa wa kike hunipigia kuuliza wasiyoweza kuyasema wodini. Saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania ni ya shingo ya kizazi, na katika dalili zake ni kutokwa na damu isiyo na mpangilio. Mama mmoja aliniambia hajaswali kwa miezi mitano, kwani damu haikatiki na anaona haya kumuuliza Sheikh. Maumivu alikuwa ameyazoea. Kilichomliza ni kuwa huenda akarejea kwa Mola wake akiwa hajasujudu.

Nilimueleza kuwa Fatima bint Abi Hubaysh (r.a.) alilalamika kwa Mtume (s.a.w.) juu ya damu isiyokoma, akaambiwa kuwa hiyo ni ya mshipa, si hedhi. Mwenye hali hii huacha swala kwa zile siku zake za hedhi alizozizoea, kisha huoga na kuswali. Aliyekwisha koma hedhi, damu ya ugonjwa haimzuii kuswali hata siku moja. Ajisafishe, avae pedi, atie udhu baada ya kuingia wakati wa kila swala, na aswali hata damu ikiendelea kutoka. Zilizompita atalipa kidogo kidogo kadiri ya nguvu zake. Mama yule alinyamaza, kisha akauliza Alasiri ya Dar es Salaam inaingia saa ngapi.

Hali kadhalika, asiyeweza kusimama aswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa aswali kwa ubavu, kama Mtume (s.a.w.) alivyomuelekeza Imran bin Husayn (r.a.). Ambaye daktari amemwambia maji yatadhuru ngozi iliyopigwa mionzi, ana tayamamu katika dini yake. Asiyeweza kufunga Ramadhani atalipa akipona, na asiyetarajiwa kupona atalisha maskini kwa kila siku.

Simu nayo ina adabu zake. Tumuulize kwanza kama ana nafasi ya kuzungumza. Tusimuweke kwenye spika watu wote wamsikie. Tusimhoji ugonjwa umefika hatua gani, na akitueleza, iwe ni amana kwetu, isitumwe kwenye kundi la WhatsApp. Tusikilize zaidi kuliko kusema. Tukimuahidi kupiga baada ya Isha, tupige baada ya Isha, kwani pengine ndilo jambo alilolisubiri kutwa. Tumuombee dua fupi anayoisikia, tumdhanishe mema kwa Mola wake, na tukate simu kabla hajachoka. Tukiweza, tumuongezee na salio.

Nashauri kila msikiti uteue wanaume wawili na wanawake wawili wenye elimu na siri, namba zao zibandikwe mlangoni, na kila muumini wa hapo anayepelekwa mbali kutibiwa aandikwe na apigiwe kila wiki mpaka arudi. Gharama yake ni ndogo kuliko ile ya turubai na pilau tunayochanga mtu akishafariki. Allah (s.w.) atatuuliza Siku ya Kiyama kwa nini hatukumtembelea mja wake alipougua, na sijui tutajibu nini, nasi simu tulikuwa nazo mkononi.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu walio karibu na walio mbali, na ujaalie maradhi yao yawe kafara ya madhambi yao. Amin.

Wabillah Tawfiiq.