Mtoto anayecheza hapotezi muda

Jioni moja nilimkuta binti yangu wa miaka minne amepanga kandambili za nyumba nzima barazani, safu mbili zilizonyooka. Mkononi ana kijiti cha fagio. Anaziambia kandambili: “Semeni alifu!” Zikinyamaza, anapita moja moja akizichapa. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu kwa uso mkavu: “Baba, hawa hawajui. Watapigwa mpaka wajue.”

Nilicheka. Kisha kicheko kikanikauka.

Ndugu msomaji, mtoto huyu asubuhi yuko chekechea. Shule ile niliichagua mwenyewe, kwa kuwa niliambiwa mtoto wa miaka minne pale anaandika. Na kweli anaandika. Kila siku anarudi na daftari, kurasa mbili za herufi moja azijaze nyumbani. Akila chakula cha mchana anakwenda madrasa. Akirudi, jua linazama na daftari linamsubiri. Muda wake wa kucheza ulikuwa nusu saa, na nusu saa hiyo ndiyo aliyoitumia kuchapa kandambili.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: mchezo wa mtoto ni kitu gani hasa? Na je, mzazi ana haki ya kumnyang’anya?

Yapo majibu matatu. La kwanza, ambalo wengi wetu tunalo moyoni hata tusipolitamka, ni kwamba mchezo ni upuuzi. Wapo wanaolivika jibu hili kanzu ya dini, wakikumbusha kuwa Qur’an (57:20) imeyaeleza maisha ya dunia kuwa ni mchezo na pumbao. Ni kweli. Lakini aya ile inamzindua mtu mzima aliyeghafilika na Akhera kwa mali na majivuno. Haikuteremshwa kumkemea mtoto anayefinyanga udongo. Tusome Surat Yusuf, aya ya 12. Ndugu zake Yusuf walimwomba baba yao awaruhusu waende naye akale na kucheza. Nabii Yaaqub (a.s.) hakujibu kuwa mchezo haumfai mwana wa Mtume. Alichohofia ni mbwa mwitu. Aidha, Bi. Aisha (r.a.) alikuwa na vidude vyake vya kuchezea, na kimoja alisema ni farasi mwenye mbawa. Mtume (s.a.w.) alimuuliza habari za farasi huyo na akacheka. Hakumwambia kuwa farasi hawana mbawa.

Jibu la pili ni kwamba mchezo ni mapumziko. Hili ni jibu la wanazuoni wakubwa na lina uzito. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihya Ulum al-Din kuwa mtoto akitoka chuoni aachwe acheze, kwani akibanwa na masomo muda wote moyo wake hufa na ataanza kutafuta hila za kuyakwepa. Ibn Khaldun naye katika Muqaddimah, karne ya 14, alionya kuwa ukali wa mwalimu humfunza mtoto uongo na ujanja. Huko Ujerumani, mwanafalsafa Immanuel Kant alikubali kuwa mtoto acheze, lakini akashikilia kuwa lazima ajifunze pia kufanya kazi, na kuwa shule ndipo mahali pa kazi hiyo. Kwa mantiki hiyo, mchezo ni kama maji kwa anayelima: anywe, kisha arudi shambani.

Silipuuzi jibu hili. Mtoto asiyefundishwa kufanya asichokipenda atapata tabu ukubwani. Lakini je, kwa mtoto wa miaka minne shamba lenyewe liko wapi?

Hapo ndipo linapokuja jibu la tatu. Mwaka 1837 Friedrich Froebel, Mjerumani, alifungua kituo cha watoto wadogo katika mji wa Blankenburg, akakiita bustani ya watoto. Vifaa vyake vilikuwa mipira na vipande vya mbao. Kwa Froebel, mchezo ndiyo kazi yenyewe ya mtoto: ndani yake anapima, anafananisha, anajenga na kubomoa, anaijua dunia. Serikali ya Prussia ilivipiga marufuku vituo hivyo mwaka 1851, na marufuku hiyo ikadumu hadi mwaka 1860. Katika mhadhara wa mwaka 1933, mwanasaikolojia wa Urusi, Lev Vygotsky, alieleza jambo ambalo kila mama amewahi kuliona: mtoto anapokishika kijiti akakifanya farasi, ameanza kuitenga maana na kitu. Na akiingia kwenye mchezo hujifunga mwenyewe kwa sheria. Aliyekuwa mgomvi asubuhi, akiwa “mama” katika mchezo wa kupikapika, anagawa chakula kwa haki.

Tazama watoto wanaocheza kombolela. Aliyejificha anajizuia kucheka. Anayetafuta anahesabu bila kufungua macho, na akichungulia wenzake wanamfukuza mchezoni. Subira, hesabu na uaminifu vimo humo, na hakuna fimbo.

Mimi ninasimama na jibu hili la tatu. Na ndiyo maana kandambili zile zilinitisha. Kama mchezo ni mahali ambapo mtoto anaielewa dunia, basi binti yangu alikuwa ameielewa elimu. Kwake, elimu ni mtu mwenye kijiti na wengine wasiojua.

Msomaji ataniambia: “Wewe una nafasi ya kufalsafa. Sisi watoto wetu wameachwa nyuma, na shule nzuri zinawafanyia mtihani hata wa kuingia darasa la kwanza. Michezo itawafikisha wapi?” Hoja hii ni nzito, na haikuanza leo. Miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu wa pwani ya Kenya waliona watoto wao wakibaki nyuma kielimu. Kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, Bi. Swafiya Said na akina mama wa Mombasa walianzisha shule za awali ndani ya madrasa, ambamo Qur’an, mila za watu na michezo ya vitu vinavyopatikana hapo hapo mtaani viliwekwa pamoja. Mpango ule ulienea hadi Zanzibar na Uganda. Akina mama wale hawakuona kuwa ni lazima wachague kati ya dini, shule na mchezo. Kwa nini sisi tunalazimika?

Tukumbuke pia kwamba swala, ambayo ni nguzo, Mtume (s.a.w.) ametufundisha tuwaamrishe watoto wafikapo miaka saba. Sisemi mtoto asifundishwe lolote kabla ya hapo. Ninauliza tu: ikiwa amri ya nguzo ya dini imesubiri, sisi tumepata wapi haraka hii ya mwandiko?

Nilikwenda shuleni kulalamika. Mwalimu, binti mpole, alinisikiliza, kisha akasema: “Mzee wangu, daftari likirudi tupu wazazi wanahamisha mtoto.” Sikuwa na jibu. Mzazi anayemsema nilikuwa mimi. Daftari lile nilikuwa nikiwaonyesha wageni. Hakika mtoto ni amana, na mimi niliitumia amana kujipamba.

Tumekubaliana na mama yake: kazi za nyumbani hapana mpaka aingie darasa la kwanza, na madrasa siku tatu kwa wiki, kwa ustadhi asiyeshika fimbo. Juzi kandambili zimepangwa tena barazani. Safari hii zilikuwa abiria wa daladala. Alinidai nauli, akanirudishia chenji ya vifuniko vya soda, akihesabu kimoja kimoja.

Mzazi mwenzangu, leo jioni kaa pembeni umtazame mwanao anacheza nini. Utajua tunamfundisha nini.

Wabillahi tawfiq.