Mathe, Nichenjie

Ukikaa Ruiru na kazi iko Thika, sarafu zinakupitia mkononi kila siku: chenji ya makanga, ya mama mboga, ya chapo na madondo. Wengi hatuzitazami. Lakini kuna wasee wanaozitazama, na wanatafuta moja hasa: ile ya 40 bob yenye picha ya Kibaki, iliyotolewa mwaka 2003 Kenya ilipotimiza miaka 40 ya uhuru.

Katiba ya 2010 ilikataza picha ya mtu yeyote kwenye pesa zetu. Desemba 2018, Benki Kuu ikatuletea sarafu za wanyama: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10, ndovu kwenye 20. Ya 40 haikupata mnyama. Kwa hivyo ile ya Kibaki imebaki peke yake, na kuna watu wanaoilipia zaidi ya 40 ili waiweke tu.

Tuseme msee ameiona kwenye kopo la mama mboga pale Kimbo. Anamwambia, "Mathe, nichenjie hiyo," anampa mbao mbili, anaenda zake. Kesho yake anaiuza Thika kwa 150. Faida ni 110. Je, kuna mtu amekosewa?

Utetezi wake una uzito. Nyanya hazijaandikwa bei, lakini sarafu imeandikwa 40, naye ametoa 40. Ametumia muda kutafuta na nauli kupeleka. Ila tukumbuke kwamba hatari yake ni ndogo. Muuza nyanya akikosa wateja, nyanya zinaoza. Huyu akikosa mteja, anaitumia sarafu kulipia matatu.

Cicero, Mroma aliyeandika mwaka 44 KK, alijadili kisa kinachofanana na hiki. Mfanyabiashara amefika Rhodes na nafaka wakati wa njaa, na anajua meli nyingine ziko njiani. Awaambie wenyeji, au anyamaze auze ghali? Cicero alisema awaambie. Mimi naona hilo ni gumu. Kama lazima utoe kila unachojua, nani atajisumbua kujua?

Sheria ya Kiislamu ina kanuni ya zamani inayonisaidia zaidi. Mtume Muhammad alikataza watu kutoka nje ya mji kuilaki misafara na kununua bidhaa kabla haijafika sokoni. Aliyeuza njiani, akifika sokoni, alikuwa na hiari ya kuvunja mauzo. Kanuni hii haikatazi faida, wala haikatazi kujua bei kuliko mwenzako. Inakataza kumwahi muuzaji kabla hajafika mahali anapoweza kuuliza.

Mama wa Kimbo yuko mbali zaidi na soko kuliko wale wa msafara, maana wao angalau walijua wanauza. Yeye anadhani anachenji. Anayeomba chenji anasema: changu na chako ni sawa. Hakuna mtu hubishania bei ya chenji. Msee anajua si sawa, na ndiyo maana akachagua neno hilo. Kwangu, kosa liko kwenye hilo "nichenjie". Zile 110 si tatizo.

Simdai amtajie mteja wake wa Thika. Inatosha aseme, "Mathe, hizi nazikusanya, niuzie." Hapo mama amefika sokoni. Anaweza kuitisha soo. Anaweza kukataa, aulize mtoto wake kwanza. Anaweza kucheka na kuitoa kwa hizo 40, na itakuwa ameamua mwenyewe.

Utasema akisikia "niuzie" atataka mamilioni, kwa sababu mtandaoni kumejaa porojo za sarafu za zamani. Inawezekana, na dili itakufa. Lakini kama dili inakufa mara tu muuzaji anapojua kwamba anauza, basi faida yote ilitoka kwenye kutojua kwake.

Pesa yenyewe ni kidogo, najua. Ila mtu huzoea. Leo ni sarafu ya mama mboga. Kesho ni ploti ya mzee ambaye bado hajasikia kwamba barabara itapita hapo, na msee yule yule anamwambia, "Guka, nikusaidie tu na hiki kishamba."